Nani hasa ni mtu wa Mlimani? Kuhakiki majina ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Kila msimu wa mahafali husambaa orodha ya viongozi na wasomi "waliosoma Mlimani". Mara nyingi Mwalimu Nyerere yuko juu kabisa, anafuata Benjamin Mkapa, na chini kidogo yupo mwanahistoria Walter Rodney. Hakuna kati yao aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), ambacho ndicho watu hukiita Mlimani. Nyerere alisoma Makerere, kisha Edinburgh alikopata shahada mwaka 1952. Mkapa ni mhitimu wa Makerere wa 1962. Rodney alisoma Jamaika, akachukua udaktari wa falsafa London mwaka 1966. Hata hivyo, Nyerere na Rodney wana nafasi yao halali katika historia ya chuo: mmoja aliongoza, mwingine alifundisha. Mkapa abaki Makerere, na kama ni uongozi wa chuo, akumbukwe kama Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma.

Kwa hiyo kabla ya kuandika jina, bainisha uhusiano wenyewe. Alihitimu? Alisoma bila kuhitimu? Alifundisha? Aliongoza? Au alitunukiwa shahada ya heshima? Ni mambo matano tofauti, na mtu anaweza kuwa na zaidi ya moja. Jakaya Kikwete alihitimu uchumi mwaka 1975, na mwaka 2016 akateuliwa Mkuu wa Chuo, hivyo aandikwe sehemu mbili. Asha-Rose Migiro ana shahada mbili za sheria za hapo, akafundisha sheria hapo hapo, halafu akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Udaktari wake wa falsafa, lakini, ni wa Konstanz, Ujerumani, na usiingizwe kwenye hesabu ya Mlimani. Anna Tibaijuka alifundisha uchumi Mlimani, ila elimu yake ya chuo kikuu aliipata Uswidi. Rais Samia Suluhu Hassan alitunukiwa Udaktari wa Heshima na chuo hicho Novemba 2022. Ni heshima kubwa, lakini haimfanyi mhitimu. Shahada zinazosomewa ni nyingine, kama zile tatu za John Magufuli: ya kwanza 1988, ya uzamili 1994 na ya uzamivu katika kemia 2009.

Hilo la kusoma bila kuhitimu ndilo husahaulika zaidi. John Garang, kiongozi wa wapiganaji wa Sudan Kusini, alifika Dar es Salaam akiwa tayari na shahada ya Grinnell, Marekani, ya mwaka 1969. Alikuja kwa ufadhili wa kusoma na kutafiti, akajiunga na umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika uliojulikana kwa kifupi kama USARF, halafu akarudi Sudan vitani. Andika "alisoma Dar es Salaam" na uishie hapo. Yoweri Museveni, aliyekuwa mwenyekiti wa umoja huo, yeye alimaliza masomo mwaka 1970, tena tasnifu yake ilihusu nadharia ya Frantz Fanon, mwanafikra wa ukombozi, kuhusu matumizi ya nguvu, akiipima kwa yaliyokuwa yakitokea katika maeneo yaliyokombolewa ya Msumbiji.

Ugumu wa kweli unaanzia kwenye tarehe, kwa sababu chuo hiki kimebadilika jina na hadhi. Kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na darasa moja la sheria lenye wanafunzi wasiofika 20, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia mlimani, kama kilomita 13 kutoka katikati ya jiji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe, chenye mamlaka ya kutoa shahada zake, kilizaliwa tarehe 1 Julai 1970.

Maana yake ni kwamba Joseph Warioba, aliyehitimu sheria mwaka 1966, alisomea Dar es Salaam lakini shahada yake ni ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Issa Shivji naye, kwa shahada yake ya kwanza, yuko kwenye kundi hilo, ingawa udaktari wake wa falsafa wa 1982 ni wa Dar es Salaam. Ukikuta wasifu mmoja unasema "Afrika Mashariki" na mwingine unasema "Dar es Salaam", usifikiri mmoja unadanganya. Andika mahali aliposoma, kisha taja cheti kilitolewa na nani. Hapo pia utaelewa kwa nini majaji na mawakili wengi wa Kenya na Uganda wa rika lile wana uhusiano na Mlimani: mwanzoni sheria ilifundishwa Dar es Salaam, uhandisi Nairobi na udaktari wa binadamu Makerere. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, alisomea sheria Dar es Salaam.

Upande wa pili wa tatizo hilo ni vyuo vilivyotoka tumboni mwa Mlimani. Kilimo cha Morogoro kilikuwa kitivo cha UDSM hadi 1984 kilipogeuka Chuo Kikuu cha Sokoine. Muhimbili kilikuwa kitivo, kikawa chuo kishiriki mwaka 1991, kikajitegemea 2007, mwaka uleule Ardhi nacho kilipojitegemea. Daktari aliyehitimu Muhimbili mwaka 1980 ana shahada ya UDSM. Aliyehitimu hapo hapo mwaka 2010 hana. Orodha nyingi huwapoteza kabisa madaktari na mabwanashamba wa miaka ya 1970, kwa sababu mwandishi aliangalia majengo akasahau kuangalia mwaka.

Usipige hesabu ya "aliingia mwaka fulani, ongeza mitatu". Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu akawarudisha makwao karibu 400. Wengi waliruhusiwa kurudi baadaye, ndiyo sababu baadhi ya wahitimu wa rika hilo wana pengo katika wasifu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, kuingia moja kwa moja kutoka kidato cha sita kulisimamishwa kwa wengi, ikabidi mtu afanye kazi kwanza. Ukiona mhitimu wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliyemaliza akiwa mtu mzima mwenye familia, usishangae wala usimsahihishie mwaka wa kuzaliwa.

Kwa viongozi, tofautisha vyeo. Mkuu wa Chuo ndiye anayetunuku shahada, na huteuliwa na Rais wa nchi. Makamu Mkuu wa Chuo ndiye anayeendesha shughuli za kila siku. Gazeti likiandika "mkuu wa chuo amewasimamisha wanafunzi", karibu kila mara linamaanisha Makamu Mkuu. Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo kuanzia 1970 hadi 1985. Kabla ya 1970 kiongozi mtendaji alikuwa mkuu wa chuo kishiriki: Cranford Pratt, kisha Wilbert Chagula kuanzia 1965. Makamu Wakuu walioanzia 1970 ni Pius Msekwa, Ibrahim Kaduma, Nicholas Kuhanga, Geoffrey Mmari, Matthew Luhanga aliyekaa kuanzia 1991 hadi 2006, Rwekaza Mukandala hadi 2017, kisha William Anangisye. Angalia watatu wa mwanzo: wote walitoka serikalini au bungeni. Msekwa alikuwa Katibu wa Bunge, na baadaye akawa Spika. Mmari, mtaalamu wa hisabati, alitoka darasani, na tangu hapo kiti hicho hakijatoka mikononi mwa wanataaluma. Kwangu mimi badiliko hilo linaeleza mengi kuhusu chuo kuliko orodha ya mawaziri hamsini.

Wahadhiri wanahitaji uangalifu wa miaka. Rodney alifundisha historia kwa vipindi viwili, 1966 hadi 1967, na 1969 hadi 1974. Terence Ranger ndiye aliyeanzisha idara hiyo ya historia, na Isaria Kimambo akaiendeleza. Mahmood Mamdani alikuwapo miaka ya 1970. Ukiandika tu "alikuwa Dar" unawachanganya wote hao na wageni waliopita kutoa mhadhara mmoja.

Kundi linaloniuma kwa kuachwa ni la Kiswahili. Farouk Topan alianzisha ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili chuoni hapo mwishoni mwa miaka ya 1960. Euphrase Kezilahabi alihitimu, akarudi kufundisha, akabadilisha sura ya ushairi wetu. Ebrahim Hussein naye alisoma na kufundisha hapo. Na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyo mezani kwa kila mhariri, toleo la kwanza 1981, ilitoka TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya chuo hicho, ambayo tangu 2009 ni TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Kwa wanawake tafuta majina mawili. Penina Muhando na Penina Mlama ni mtu mmoja: tamthilia zake utazipata kwa jina la Muhando, maandishi ya kitaaluma kwa la Mlama. Asha-Rose Migiro alizaliwa akiitwa Asha-Rose Mtengeti. Ukitafuta jina moja tu, nusu ya kazi za mtu inapotea.

Ushahidi wenyewe upo. Kijitabu cha mahafali hutaja majina na shahada za mwaka husika. Kalenda za chuo hutaja wahadhiri na vyeo vyao. Tasnifu za uzamili na uzamivu ziko sehemu ya East Africana maktabani, na ukurasa wake wa kwanza huonyesha jina kamili, shahada, chuo kinachoitoa na mwaka. Kwa mhitimu wa miaka ya mpito, kati ya 1963 na 1971, aliyeandika tasnifu, ukurasa huo mmoja unamaliza ubishi wote. Wasifu wa bungeni na wa wizarani uutumie kutafutia, kisha uhakiki kwa kimoja kati ya hivyo vitatu.