Gitaa la boksi la siga: achaneni na boksi kwanza

Kila anayeliona hili gitaa langu anauliza boksi nimelitoa wapi, hakuna anayeuliza daraja (kile kinachoinua nyuzi juu ya boksi) limekaa wapi wala nyuzi ziko juu kiasi gani, na humo ndo kwenye gitaa lenyewe. Boksi lolote la mbao nyembamba linafaa jamani. Wamarekani walichukua ya siga kwa vile yalikuwa yamezagaa, hata askari wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe (1861 hadi 1865) walitengenezea fidla, mchoraji Edwin Forbes alimchora mmoja anapiga kambini. Na sisi tuliokulia na gitaa la galoni na nyuzi za mshipi tunaielewa hiyo stori vizuri tu.

Shingo yangu ni mninga, upana sentimita 4 unene 2. Inapita ndani ya boksi lote mpaka inatokeza nyuma, ili mvuto wa nyuzi ubebwe na ubao na sio boksi. Sasa ile sehemu iliyo chini ya mfuniko ichimbe kwa patasi kama milimita 5 hivi, mfuniko usigusane na shingo kabisa, maana mfuniko ndo unaotikisika na kutoa sauti. Ugonge kwa kidole utajua: ukiwa umegusa unasikia "ta" kavu, ukiwa huru unasikia "dum" na inabaki hewani kidogo.

Juu kwenye kichwa nimelaza boliti nyuzi zipite juu yake, na daraja nalo boliti. Kati yao sentimita 63.5. Daraja usiligundishe!! Linakaa kwa kubanwa na nyuzi tu, so unaweza kulisogeza. Ukitaka freti (vile vyuma vya shingoni vya kugawa noti), ya kwanza unagawa urefu wote kwa 17.817, unapata milimita 35.6 kutoka boliti ya kichwani, halafu kilichobaki unakigawa tena hivyohivyo, na freti ya 12 lazima iangukie katikati kabisa. Bonyeza hapo ya 12, sauti ikiwa juu kuliko oktava (noti ileile ya juu zaidi) ya uzi mtupu, yaani usiobonyezwa, sogeza daraja nyuma, ikiwa chini lilete mbele, kidogo kidogo huku unaangalia programu ya kutuni kwenye simu.

Ila kwa ushauri wangu freti za nini, chora mistari tu kwa peni halafu vaa soketi ya spana kidoleni uiteleze juu ya nyuzi, nyuzi ziwe juu kama milimita 4 au 5 pale kwenye mstari wa 12 ili soketi isigonge mbao.

Nyuzi nunua paketi ya kawaida ya gitaa, chukua ya 5, ya 4 na ya 3, tuni kwa noti G D G, yaani ya 5 tu ndo unaishusha kutoka A, zingine zinabaki zilivyo. Soketi ikilala juu ya zote tatu kwenye mstari wa 5 una C, wa 7 una D, mtupu ni G, hapo nyimbo kibao za kanisani na za mtaani zinapigika bila kujua kodi (chord) hata moja.

Kwa wanaotaka spika, kile kisahani cha shaba kinachotoa mlio kwenye midoli kinatosha, lehemu waya mbili kwenda kwenye jeki (tundu la kuchomekea waya wa spika), kigundishe chini ya mfuniko karibu na daraja. Ukikiweka chini ya daraja kabisa kitapiga kelele kali sana, mi sikipendi hapo.