Siku chache kabla ya jibu kutoka Hanover

Morogoro, Jumapili, 8 Desemba 2024

Tarehe 1 Novemba niliwasilisha maombi yangu ya kujiunga na Chuo cha Dartmouth, kilichoko katika mji mdogo wa Hanover, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, na jibu linatarajiwa katikati ya mwezi huu. Niliomba kwa njia ya mapema, ile inayomfunga mwombaji: unachagua chuo kimoja tu na kusaini mkataba kwamba kikikupokea utakwenda huko, na maombi yako ya kwingineko utayaondoa. Mlango wa kutokea ni mmoja, nao ni pale ambapo msaada wa fedha utakaotolewa hautatosha. Tangu siku hiyo usingizi wangu umekuwa wa kukatikakatika, na leo nimeona afadhali niandike kinachonisumbua kuliko kuendelea kukipigia hesabu kichwani.

Hesabu zenyewe nimezikariri. Katika kundi lililotangulia langu, walioomba mapema walikuwa takriban 3,550 na waliokubaliwa ni 606, yaani kama 17 katika kila mia. Walioomba kwa jumla walizidi 31,000, na waliopata nafasi ni 1,685. Ukiwaondoa wale wa mapema, waliobaki waligombea nafasi kwa uwiano usiofika 4 kwa mia. Nilipoona tofauti hiyo mwezi Agosti niliamini nimegundua njia ya mkato. Sasa siamini tena, kwa sababu nimejifunza kuwa ndani ya wale 606 wamo wanamichezo ambao makocha walikwisha kuwataka, na wamo watoto wa watu waliosoma hapohapo. Hiyo 17, basi, si yangu. Yangu haijaandikwa popote, na nadhani hicho ndicho kinachonichosha zaidi: natafuta namba ambayo haipo, kisha kesho yake naitafuta tena.

Hata hivyo sikuchagua chuo hiki kwa ajili ya uwiano. Vyuo vingi vya Marekani, mwombaji anayetoka nje ya nchi akisema hana uwezo wa kulipa, jambo hilo huwekwa kwenye mizani wakati wa kuamua kama achukuliwe au aachwe. Dartmouth waliacha utaratibu huo Januari 2022, wakawa chuo cha sita nchini mwao kusoma maombi ya kila mtu, raia na mgeni, bila kuangalia mfuko wa familia yake, na mwaka huohuo wakaondoa mikopo katika msaada wanaoutoa. Kwa mtu kama mimi, ambaye mama yake anauza vyombo vya plastiki sokoni, hiyo ilikuwa tofauti kati ya kuomba na kutoomba kabisa.

Kuhusu fedha, jioni moja ya Oktoba bado ninaiona. Fomu ya CSS Profile, ile ya kuombea msaada wa fedha, inataka kujua mapato ya mwaka mzima, akiba, mali na madeni. Mama alileta kaunta buku yake, ile yenye jalada jeusi lililobanduka pembeni, akaifungua chini ya taa. Kila ukurasa una safu mbili: mauzo ya siku, na majina ya waliokopa. Yeye hajui mapato ya mwaka. Anajua kwamba Jumamosi beseni zinatoka na Jumatatu hazitoki. Tulijumlisha siku moja baada ya nyingine tangu Januari, tukaondoa nauli za kufuata mzigo Kariakoo, ushuru wa soko na pango la kibanda, na kila tulipofika kwenye deni lisilolipwa mama alinyamaza kidogo kabla ya kusema lihesabiwe au lisihesabiwe. Hisa zake za kikoba zilitushinda kabisa. Si akaunti ya benki, wala si mali ya kuuza, na hawezi kuzitoa mpaka mwaka wa kikoba uvunjwe. Mwishowe nilizieleza katika nafasi ya maelezo ya ziada, nikiomba moyoni kwamba atakayesoma ataelewa.

Mkataba ulikuwa mgumu zaidi kuliko fomu, kwa kuwa unasainiwa na mwombaji, mzazi na mwalimu. Katika shule niliyosoma hakuna mwalimu aliyewahi kuuona, ukakaa ofisini siku tisa, na mwalimu wa taaluma aliusaini siku mbili tu kabla ya tarehe ya mwisho. Mama naye hakukubali kusaini kabla sijamsomea kila mstari kwa Kiswahili. Nilipomaliza aliuliza, “Mwanangu, ahadi ni deni. Wakikuchukua na fedha waliyotoa ikapungua, mimi nitailipa na nini?” Nikamweleza kuhusu ule mlango wa kutokea. Hakujibu. Akauliza wameandika nini kwenye nembo yao, nikamwambia ni maneno ya Kilatini yenye maana ya sauti ya mtu aliaye nyikani. Akasema, “Hayo ya Isaya nayajua,” akachukua kalamu.

Kinachoniuma ni kwamba gharama ya uamuzi huu haikuanza Novemba. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka Julai nilikuwa na Daraja la Kwanza la pointi 4 katika mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, na nikachaguliwa kusoma uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sikuthibitisha nafasi hiyo. Wenzangu wameshaanza masomo, nami ninamsaidia mama kupanga ndoo. Baba mdogo aliposikia alisema maneno ambayo sijaweza kuyatoa masikioni: “Usiache mbachao kwa msala upitao.” Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa rahisi kumkatalia.

Najiuliza pia kuhusu alama zangu za SAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya Marekani. Mwezi Agosti nilipanda treni ya umeme kwenda Dar es Salaam siku moja kabla ya mtihani, nikapata 1440, alama ambazo ni chini ya wengi wanaojiunga na chuo kile. Februari mwaka huu, walipotangaza kuurudisha mtihani kuwa wa lazima, walisema alama husomwa kwa kuzingatia mazingira ya shule aliyotoka mwombaji. Katika shule yangu hakuna aliyewahi kuufanya, kwa hiyo hakuna wa kunilinganisha naye. Siku nyingine hilo hunipa matumaini, siku nyingine hunitia hofu, ingawa jambo lenyewe ni lilelile. Kinachonituliza kidogo ni barua ya rafiki yangu tuliyesoma naye dawati moja, maana chuo hicho hupenda kupokea pia barua ya rika wa mwombaji. Sijui aliandika nini. Najua tu kwamba aliiandika kwa mkono mara mbili kabla ya kuichapa.

Majibu yanayoweza kuja ni matatu: kukubaliwa, kukataliwa, au kuahirishwa hadi kundi la kawaida. Vyuo vingine ninavyotaka kuviomba vinafunga milango siku za mwanzo za Januari, kwa hiyo siwezi kukaa nikisubiri. Leo baada ya kutoka kanisani nimekaa na kaunta buku ileile, nikijumlisha mauzo ya Novemba, ambayo mvua iliyapunguza. Mama amenikuta nikiandika, akaweka chai mezani na kuuliza kama hao wa Januari nao watataka kujua habari za kikoba. Nimemwambia watataka. Amevuta kiti, akaketi, akaanza kunisomea majina ya waliokopa.