Bomba la nje liliganda, hivi ndivyo nilivyolifungua
Wadau mnaofuga huku kaskazini mwa Minnesota, Marekani, hii ishu ya bomba la uani kuganda imenitesa sana, maana mbuzi hawasubiri, na kubeba ndoo toka jikoni kwenye theluji ya magotini huku maji yanarukia glavu na kuganda hapohapo ni kazi kwelikweli.

Kwanza mjue haya mabomba yameundwa yasigande. Valvu yake (kile kifungio cha maji) haiko juu, iko chini kabisa ardhini kule baridi haifiki (sheria ya ujenzi ya huku inataka hata msingi wa nyumba ushuke inchi 60, kama mita moja na nusu hivi). Ukifunga, maji yaliyobaki yanashuka yanatokea kwenye kitundu cha chini, bomba linabaki tupu. Sasa langu lilikuwa na mpira wa kumwagilia maji mdomoni tangu kwa wapangaji waliopita, hewa haiingii, maji hayashuki, yakaganda.

Nikautoa mpira, nikainua mkono wa bomba ili yakiyeyuka yapate pa kutokea, nikalizungushia matambara nikawa namwagia maji ya moto kuanzia juu kushuka chini, taratibu, mpaka likakohoa na kutema vipande vya barafu. Moto wa gesi msitumie jamani, mvuke ukinaswa katikati bomba linapasuka.

Siku hizi nikishafunga naziba mdomo wa bomba na kiganja, nikisikia linavuta najua linajimwaga vizuri.