Mzungu wa Nne
Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, jijini Dar es Salaam, tulipangiwa chumba cha watu wanne chenye vitanda viwili vya dabodeka, na wa tano, ambaye hakupata nafasi, tukambeba, yaani tukamkaribisha chumbani kwetu, akawa analala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, na mwenzetu wa Tukuyu. Bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, lilipokata, tulichanga sarafu tukapika wali kwa jiko la umeme lililoishi chini ya kitanda. Mpishi wetu, kijana wa Tanga asiyeutambua wali usio na nazi, siku moja alitia chumvi mara mbili. Tulikula kimya kimya, kwa heshima, hadi jirani alipobisha hodi kuomba maji ya kunywa, na yule wa Tukuyu akamjibu kwamba hata sisi tunayatafuta. Tulicheka hata ukoko, ambao daima tuliupigia kura, ukalala sufuriani mpaka asubuhi.