Flavigny: pipi inayoanza na mbegu moja

Kutoka Paris tulipanda treni hadi Montbard, katika eneo la Bourgogne, safari ya saa moja hivi, kisha gari likatupandisha Flavigny-sur-Ozerain, kijiji cha nyumba za mawe juu ya kilima. Anayetaka kuona mitambo ikifanya kazi afike asubuhi ya siku ya kazi.

Kiwanda cha Les Anis de Flavigny kimo ndani ya iliyokuwa abasia (makao ya watawa) ya Wabenedikto, iliyoanzishwa karne ya 8. Pipi zenyewe zimetajwa katika maandishi tangu 1591, na katika karne ya 17 watawa wa kike wa Mtakatifu Ursula walizitengeneza hapa kijijini. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yaliwaondoa watawa, lakini ufundi ukabaki kwa wenyeji. Karakana zilikuwa kadhaa, mwisho ikasalia moja, ambayo familia ya Troubat inaiendesha tangu 1923.

Kazi huanza na mbegu ya anisi, kiungo chenye harufu tamu, yenye uzito wa miligramu 2. Pipi ikikamilika huwa na gramu 1, yaani mbegu imeongezeka uzito mara 500, na huchukua takribani siku 15. Anayejua kutengeneza ubuyu ataelewa haraka: mbegu huvishwa shira. Tofauti ni kwamba ubuyu hukorogwa mara moja ukaisha, na hapa shira humiminwa kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lazima likauke kabla ya lijalo.

Tulisimama mbele ya pipa linalozunguka kwa mshazari. Pipi hupanda ukutani, zikaporomoka, zikapanda tena, na msuguano huo ndio unaozifanya ziwe mviringo. Zamani fundi alitumia beseni lililoning'inizwa juu ya moto, akilibembeza kwa mikono kutwa nzima. Mtambo umepunguza jasho, lakini muda wa kukausha haukwepeki.

Ukimwaga shira nyingi kwa pamoja, mbegu hugandana mbili mbili na haziachani tena. Ikiwa nzito mno, hukauka kabla ya kuenea na ganda linaota vinundu. Ukiharakisha tabaka jipya juu ya lililo bichi, unyevu hufungiwa ndani, kisha pipi huingia mabaka au kupasuka. Kipimo nacho hubadilika: kadiri pipi inavyokua, ndivyo eneo la kufunikwa linavyoongezeka, kwa hiyo shira iliyotosha mwanzoni haitoshi baadaye. Mbegu zilizovunjika huondolewa mapema, kwa sababu kilema cha mbegu hukua pamoja na ganda. Fundi hutumbukiza mkono, huchota konzi, husikiliza zinavyogongana. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya kuitazama kwa makini zaidi.

Harufu ya waridi, urujuani, mnanaa au maua ya mchungwa huwa katika sukari, na katikati daima ni anisi ile ile. Usizitafune: zimumunye mpaka ufike kwenye mbegu, ndipo ladha mbili zinakutana.

Huuzwa katika vikopo vya bati vyenye picha ya mchunga kondoo na mpenzi wake. Ukizipeleka Mombasa au Zanzibar, funga kopo vizuri, kwani sukari hunyonya unyevunyevu wa pwani na pipi hushikana.