Dai ripoti ya mita yako, usiogope ofisi

Nimechoka kusikia watu wakiambiwa "mita yako imechezewa, sistimu inaonyesha hivyo" halafu mtu anainamisha kichwa anaenda kutafuta pesa. Watu wengi hapa Kenya hawajui kwamba ile fomu wakaguzi wa maji ama stima wanaijaza wakiwa hapo nje kwa geti yako unaweza kuidai, unaweza kupewa nakala, na wakikunyima bila sababu ya kisheria wao ndio wamevunja sheria si wewe. Hii kitu inanichoma sana manake wanaoumia ni wale wale, mama wa kibanda, mzee wa pensheni, mpangaji ambaye hata mita si yake.

Shangazi yangu yalimpata na kampuni ya maji ya kwao. Alirudi kutoka sokoni akakuta maji yamekatwa na karatasi imebandikwa ukutani, faini ya kuchezea mita. Mita yenyewe iko nje ya ua, kando ya barabara, kila mtu anapita hapo na watoto wanaikalia. Kufika ofisini akaambiwa mama lipa kwanza ndio ulalamike. Akaniita tukakaa chini tukaandika barua, na hatukubishana kuhusu bili hata kidogo, tuliomba kitu kimoja tu, rekodi za ukaguzi wa ile siku. Walizungusha zungusha, mara mhusika yuko fildi, mara faili liko makao makuu, lakini ilipokuja kutoka ilikuwa ni aibu. Mahali pa kuandika namba ya sili, kile kifungo cha kuonyesha kama mita imefunguliwa, hapakuwa na kitu, pa sahihi ya mteja ama shahidi hapakuwa na kitu, na picha iliyoambatanishwa ni ya mita ambayo hata namba haisomeki. Yaani faini yote ile imesimama juu ya karatasi kama hiyo! Faini wameisimamisha na maji yamerudi, barua ya kuifuta kabisa bado tunaifuatilia.

Sasa sheria yenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na pia habari zilizo kwa mtu ama kampuni binafsi ikiwa unazihitaji ili kulinda haki yako nyingine. Na hiyo haki nyingine unayo tayari, kifungu cha 46 kinasema mtumiaji ana haki ya huduma bora, ya kupewa habari anazohitaji na ya kulipwa fidia akiumia. Maji yako kwenye kifungu cha 43. Kwa hivyo hata kampuni ikikwambia sisi si serikali, bado hawajaponyoka.

Halafu 2016 ikaja Sheria ya Kupata Habari, na hii ndio unafaa kuitaja kwa barua yako kwa jina. Unaweza kuandika kwa Kiswahili ama Kiingereza, na kama hujui kuandika afisa wao anatakiwa akuandikie unavyosema. Haki yako haitegemei sababu unayotoa, kwa hivyo swali la "unataka ya nini?" lisikutoe jasho. Kuomba ni bure, watakachokulipisha ni gharama ya kutoa nakala tu. Wana siku 21 za kukujibu, wanaweza kuongeza mara moja siku zisizozidi 14, na wakinyamaza kimya sheria inahesabu kwamba wamekataa, hapo mlango wa rufaa unafunguka. Na kama jambo linagusa maisha ya mtu ni saa 48. Fikiria waya wa stima uliolegea juu ya kiwanja cha shule na mnataka kujua mara ya mwisho ile nguzo ilikaguliwa lini, hiyo si ya kungoja siku 21.

Na kama akaunti iko kwa jina la kampuni yako, hoteli ama duka, usikubali kuambiwa haki hii ni ya watu binafsi. Kweli kuna kesi ya jarida la Nairobi Law Monthly dhidi ya KenGen, kampuni ya kuzalisha stima, ambapo mwaka wa 2013 Mahakama Kuu ilisema kampuni haihesabiki kama raia chini ya kifungu cha 35, lakini sheria ya 2016 ikarekebisha hapo, kampuni inayodhibitiwa na Wakenya nayo inaweza kuomba.

Jibu utakalopewa sana ni "hiyo ni ya ndani". Sheria ina orodha ya vitu vinavyoweza kuzuiwa, usalama wa taifa, faragha ya mtu mwingine, siri za kibiashara na kadhalika, na neno "ya ndani" halimo. Wakisema uchunguzi bado unaendelea, waulize basi faini wameitoa vipi? Huwezi kumpiga mtu faini halafu useme hujaamua.

Kuna mtu aliniambia karatasi ni karatasi tu, itasaidia nini. Jioni ya tarehe 9 Septemba 2010 huko San Bruno, California, bomba la gesi la kampuni ya PG&E lililipuka, watu 8 wakafa na nyumba 38 zikateketea. Wachunguzi walikuta rekodi za kampuni zinasema hapo pana bomba lisilo na mshono, kumbe lilikuwa na mshono tena uliochomelewa vibaya, na lilikuwa chini ya ardhi tangu 1956. Miaka yote hiyo wakazi waliishi juu yake na rekodi ilikuwa inadanganya. Mimi nikikumbuka hiyo sioni kabisa kwa nini rekodi za kitu kilicho nyumbani kwangu zifungiwe kabatini.

Kwa barua yako usiombe "maelezo", watakupa maelezo. Omba ripoti yenyewe ya ukaguzi, picha zikiwa na tarehe na saa, namba ya mita na ya sili kabla na baada, kipimo kilichosomwa siku hiyo, namba ya kazi ya mkaguzi, na kama mita ilipelekwa kupimwa basi matokeo yake. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri, hii usisahau jamani manake bila muhuri watasema hawajaiona. Bili ya kawaida ambayo huna ubishi nayo endelea kuilipa wasipate sababu ya kukukatia.

Wakikataa ama wakinyamaza nenda kwa ofisi ya Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, ndani ya siku 30, wale wa "Hata mnyonge ana haki", wana nguvu ya kuagiza habari itolewe. Na ukiipata ripoti ukaona imeandikwa uongo juu yako, kifungu cha 13 cha sheria hiyo hiyo kinakuruhusu uombe irekebishwe, kwa hivyo unaandika barua ya pili, unaambatanisha picha zako mwenyewe, na unagongesha muhuri tena.