Nilivyojua udongo wa kiwanja cha mjomba kabla ya kumwaga zege

Mjomba alinunua kiwanja nje kidogo ya Shinyanga, na kule udongo wa mbuga, yaani mfinyanzi mweusi unaovimba na kusinyaa, unajulikana, nyumba inapasuka kuanzia kona za madirisha na ukipiga plasta masika yakipita ufa uleule unarudi. Kiwanja chenyewe upande mmoja udongo mweusi tii, upande wa pili kijivu, kila jirani anamwambia jenga kwenye kijivu. Mi nikamwambia mjomba subiri kwanza, rangi peke yake haitoshi, tuchimbe.

Vibarua wakachimba pande zote mbili, tukapita ule wa juu wenye mizizi maana ule unaondolewa tu. Nikaanza na kijivu, nikaulowesha nikauminya kati ya kidole gumba na cha shahada, ukatoka utepe mrefu hauna habari ya kukatika, nikauviringisha ukawa uzi wa milimita 3 na bado haumeguki, na kunata sasa, kuunawa ni kazi. Kitonge nilichokianika juani kilipokauka nikashindwa kukivunja kwa vidole. Mfinyanzi huo, tena wa nguvu. Mweusi ukanishangaza, utepe unakatika mfupi tu, kitonge kikavu kinavunjika bila shida, na ukiung'ata kidogo kwa meno ya mbele (tunafanya hivyo msicheke) unasikia chembe, mchanga mwingi humo.

Lakini mjomba ni mtu wa karatasi, vidole havimtoshi, kwahiyo nikajaza mifuko, kila mmoja na lebo ya shimo na kina, nikapeleka maabara. Pale wanauosha kwenye chekeche la milimita 0.075 kuona kiasi gani kinapita, halafu wanatafuta LL, yaani asilimia ya maji inayoufanya udongo uanze kutiririka, na PL ambapo ule uzi wa milimita 3 unaanza kumeguka, tofauti yake ndo PI. Kijivu kikaja na LL 68, PI 41. Kwenye chati ya Casagrande, grafu ya kupanga udongo kwa LL na PI, kuna mstari, unachukua LL unatoa 20 unazidisha kwa 0.73, kwa 68 unapata 35, na 41 iko juu yake, LL nayo imevuka 50, basi kwa mfumo wa USCS ni CH, mfinyanzi unaovimba ukinyonya maji na kusinyaa ukikauka. Mweusi ulipitisha asilimia 38, LL 31, PI 12, kwahiyo SC, mchanga wenye mfinyanzi kiasi.

Kitu kimoja kinachanganya watu, huohuo mweusi ukiuweka kwenye AASHTO, mfumo wanaotumia watu wa barabara, unatoka A-6, unahesabika mfinyanzi kabisa, maana mpaka wao ni asilimia 35 ikipita lile chekeche, na ule wa kwanza, USCS, ni 50. Mjomba akauliza sasa nani muongo, nikamwambia hakuna, mjomba, barabara inaogopa vumbi laini mapema kuliko nyumba, udongo ni uleule. Kwahiyo kwenye ripoti usisome herufi tu, angalia na mfumo gani umetumika.

Nyumba tukaihamishia upande mweusi na ramani ikageuzwa mlango uangalie njia ya pembeni, majirani mpaka leo wanamuona mjomba mbishi. Kwenye kijivu kalima mpunga, na unakubali vizuri tu maana maji yanatuama.